Boti Mbili, Mume Mmoja

Najua niliahidi kwamba mwezi huu tungeongelea mawifi wanaohamia nyumbani bila taarifa, na barua zenu nimezipata, nyingine ndefu kuliko hukumu ya mahakama. Mtanisamehe. Mawifi wapo tu, hawaendi popote. Mwenzenu nyumbani kwangu kumeingia kitu kizito zaidi ya wifi: boti. Tena si moja, ni mbili, na mimi ndiye niliyeambiwa nichague.

Kabla hujacheka, kumbuka ninakoishi. Naishi Korogwe. Kutoka mlangoni kwangu hadi bahari ya Tanga ni karibu kilomita 100. Mto tunao, tena Mto Pangani wenyewe, unapita hapa hapa mjini, lakini hakuna mwenye akili timamu atakayepakia watoto kwenye boti ya starehe kwenda kuwatembeza viboko na mamba. Na hata ukiamua kuteremka nao mpaka baharini, utakutana na Hale na maporomoko ya Pangani, kwenye mitambo ya umeme. Kwa hiyo boti ya mtu wa Korogwe ni lazima ikae pwani, na mwenyewe aifuate kwa gari. Mimi niliona ni sawa na kununua kitanda halafu ukakihifadhi kwa jirani.

Tena mimi hata Korogwe ni ya kuolewa. Nimezaliwa Handeni, na anayeijua Handeni ananielewa. Nimekua na dumu la lita 20 kichwani, kwenye foleni ya bomba ambalo maji yake yalisukumwa kwa pampu kutoka huku huku Korogwe, kwenye ule mradi wa HTM wa miaka ya 1970. Bomba likiharibika, tunakwenda lamboni tukachote pamoja na ng'ombe. Kwetu maji yanapimwa kwa kata. Kuogelea? Ningeogelea wapi jamani, ndani ya ndoo?

Baba watoto yeye ni mtoto wa Pangani. Aliogelea kabla hajajua kusoma. Tumeoana miaka 17 sasa, na mambo mengi tumeshayazoea: yeye anakula samaki mpaka kichwa, mimi nakula makande bila kulalamika. Bahari ndiyo tulikuwa hatujawahi kuizungumza.

Basi mwaka jana tuliuza Fuso letu. Nasema letu, kwa sababu pesa ya kulinunua nusu ilitoka kwenye hisa zangu za VICOBA, na hilo hata yeye halikatai. Mimi kichwani nilikuwa nimeshagawanya kila kitu: fungu moja likaezeke nyumba ninayoijenga Handeni kwenye kiwanja cha mama yangu, fungu jingine liingie dukani. Usiku mmoja watoto wamelala, baba watoto akasogea karibu na simu yake. Nikajua leo kuna jambo, maana akisogea hivyo ama anataka kusamehewa ama anataka pesa.

"Mke wangu, hebu tazama hizi. Ipi nzuri?"

Wadada, hebu lisomeni tena hilo swali. Hakusema "unaonaje tukinunua boti". Kasema "ipi nzuri". Wanaume wana ufundi wao. Anaruka mlango mkubwa, anakukaribisha sebuleni, ukija kushtuka unabishana naye kuhusu rangi ya makochi ya nyumba ambayo hukukubali kuingia.

Nilinyamaza siku tatu. Najua, najua, kwenye ukurasa huu huu nimewaambia mara ngapi kwamba kununa si mazungumzo. We acha tu. Siku ya nne mtoto wetu wa pili, ana miaka 11, alikuwa ananisaidia kuosha vyombo, akashika sahani moja ya plastiki na kusema, "Mama, baba akinunua boti hatutakumba tena maji kwa sahani." Nikasimama na povu mikononi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Desemba ya mwaka juzi tulikwenda Pangani kwa mama mkwe kama kawaida, na kama kawaida tukakodi boti kwenda Maziwe. Kwa asiyekujua, Maziwe ni kisiwa mbele ya pwani ya Pangani, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa na mivinje na watu walipumzika kivulini. Miti ilikwisha, sasa limebaki fungu la mchanga mweupe unaouma macho, tena maji yakijaa hata huo mchanga huuoni. Yaani unakwenda kwa saa ya maji, unarudi kwa saa ya maji. Sisi tulikwenda na sufuria ya pilau.

Tulikuwa watu 14 ndani ya boti moja. Majaketi ya kuokolea yalikuwa manne, mawili hayana vifungo. Pilau likatuchelewesha, maji yakatufika magotini tukiwa bado tunakusanya sahani. Wakati wa kurudi Kaskazi ulikuwa umekaza, na pale mdomoni mwa mto, ambapo maji ya mto yanakutana na bahari juu ya mchanga, mawimbi yalikuwa yamesimama kama matuta ya barabarani. Wimbi moja likaingia ubavuni likakaa na sisi ndani. Mwanangu akaanza kukumba maji kwa sahani ya pilau. Nahodha akawa anampigia kelele mtu fulani asogee. Mimi nilifumba macho. Kichwani nilikuwa na MV Spice Islander tu, ile meli iliyozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba imejaza watu kupita kiasi, mamia wakafa usiku ule.

Tulifika. Tukashuka, tukaoga, tukala. Hakuna aliyesema neno, si mimi, si yeye. Watu wazima wawili tumekaa na kitu kile kwa zaidi ya mwaka, kila mtu upande wake wa kitanda.

Siku ile ya sahani nilimfuata dukani. Nikamuuliza, boti hii ni ya nini hasa? Akapanga panga misumari kwenye boksi, kisha akasema, "Siku ile niliwahesabu. Wewe na watoto watatu. Nina mikono miwili."

Hapo ndipo mwenzenu nilipoanza kusikiliza habari za boti.

Sasa nielezeeni na nyinyi mkinisikiliza. Boti zote mbili ni za faiba, na zote mbili zina tumbo la V kali. Chukua sahani uipige juu ya maji kwenye karai, halafu chukua kisu ukichome. Sahani inapiga kelele na mkono unauma, kisu kinapenya. Boti ya tumbo bapa ni sahani: inaelea imetulia, haili mafuta mengi, lakini kwenye mawimbi inakupigapiga mpaka meno yanagongana. V kali ni kisu. Inapasua wimbi na kushuka taratibu. Mafundi wanaipima V hiyo kwa digrii, pale nyuma kabisa inapofungwa mashine. Ikifika kama 20 kwenda juu ndipo wanaiita kali.

Aliyeipa umaarufu ni Mmarekani, Ray Hunt. Mwaka 1958 mfanyabiashara wa boti, Dick Bertram, aliona kiboti cha Hunt kikikimbia kwenye bahari chafu ambayo wengine walikuwa wanaitambaa. Akaagiza kikubwa zaidi, na mwaka 1960 akashinda nacho mashindano ya kutoka Miami mpaka Nassau katika bahari iliyochafuka hasa. Baadaye umbo lile lile likafyatuliwa kwa faiba, na mpaka leo boti nyingi za starehe duniani zina damu yake. Ile ya mashindano iliitwa Moppie. Unajua Moppie ni nani? Ni jina la utani la mke wa Bertram. Baba watoto alinisimulia hiki kipande mara tatu, kwa sauti ya mtu anayetaka kitu.

Lakini kisu kina gharama yake. Boti ya V kali inataka mashine yenye nguvu kuiinua, kwa hiyo inakunywa. Na ikisimama inalala upande ambao watu wamekaa. Hili muuzaji hakuambii. Picha zote za boti kwenye simu zinapigwa ikikimbia.

Ya kwanza ilikuwa Tanga mjini. Nyeupe, futi 19, V ya digrii 24, mashine ya farasi 115 ya zile zinazochanganywa petroli na oili. Jamani, ilikuwa nzuri. Viti vya ngozi, redio, mstari mwekundu ubavuni. Bei yake ingemeza Fuso lote. Ya pili ilikuwa Pangani, futi 17, V ya digrii 20, mashine ya farasi 60 isiyochanganywa oili, rangi ya bluu iliyopauka kama kanga ya mwaka juzi, na juu turubai la kivuli. Hiyo ingebakiza karibu theluthi ya pesa.

Tulikwenda na fundi wa faiba, na hapa nawasihi: msinunue boti ya faiba kwa macho. Faiba yenyewe haiozi, kinachooza ni mbao zilizozibwa ndani yake. Fundi wetu alikuwa na bisibisi tu, akaigeuza na kuanza kugonga kwa mpini, ko, ko, ko, kama daktari anavyogonga mgongo wa mtu. Penye uzima sauti ni kavu na kali. Kwenye ile nyeupe, alipofika kwenye ubao wa nyuma panapobeba mashine, sauti ikabadilika, ikawa kama unagonga papai. Akafungua skrubu moja, maji ya kahawia yakatoka. Halafu akaishika mashine kwa chini akaiinua inua, na ubao wote ukacheza. Chini ya tumbo kulikuwa na malengelenge madogo madogo, maji yameingia nyuma ya lile koti linalong'aa. Hayo alisema yanatibika, unakwangua, unakausha, unapaka upya. Ubao ndio kesi. Mashine ya uzito ule juu ya ubao uliooza, siku moja inakuaga katikati ya bahari.

Nilimwangalia baba watoto. Alikuwa anapapasa usukani.

Tuliijaribu hivyo hivyo, muuzaji alisisitiza. Na lazima niseme ukweli, ikikimbia ni raha. Mawimbi yanapita chini kama si yetu, watoto wanapiga kelele, baba yao kawa kijana wa miaka 20. Kisha akazima mashine ili tutazame mji kutoka majini. Watoto wawili wakakimbilia upande mmoja kuona samaki, na boti ikalala. Haikupinduka, na fundi alisema haiko karibu na kupinduka, V kali inayumba mwanzo kisha inashika. Lakini mimi mkono wangu ulikuwa umeshika kiti mpaka vidole vikawa vyeupe.

Ile ya bluu tuliijaribu siku ya pili. Haikimbii sana. Inarusha maji, nilirudi kilemba kimelowa. Ila tulipozima mashine, watoto wakafanya fujo yao ile ile, ikainama kidogo ikatulia. Ina kingo pana bapa pembeni chini, fundi alisema ndizo zinazoishikilia. Nikajiuliza swali moja la kimama tu: sisi tukienda Maziwe, muda mwingi tunafanya nini? Tunakaa. Tunakula. Mtoto anataka kukojoa, mwingine anavua, bibi anatafuta miwani. Kukimbia ni nusu saa, kukaa ni saa nne.

Baba watoto alikuwa na hoja yake, tena si ya kijinga. Alisema ubao unabadilishwa, na boti kubwa inabeba watu wengi zaidi kwa usalama. Tukapiga hesabu. Kuna kanuni inayotumika Marekani kwa boti ndogo kama hizi zisizo na kibao cha idadi ya abiria: urefu kwa futi mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. Nyeupe ina upana wa futi 7 na nusu, inakuja watu 9. Bluu ni futi 7, inakuja watu 7, na hapo ni watu wa kawaida, bahari shwari. Sisi ni watano, na mama mkwe sita, mwenye kujua maji saba.

"Unaona? Bluu ndogo," akasema.

Nikamwambia baba watoto, ukoo wetu tunaujua. Boti ya watu 9 kwetu ni boti ya watu 14. Atakuja shemeji na rafiki yake, atakuja binamu na mchumba, na wewe huwezi kumwambia ndugu yako ashuke. Mimi nataka boti ambayo hata mjinga akiitazama anaona imejaa.

Hilo sikulisema mbele ya muuzaji wala fundi. Nililisema Muheza, tumesimama kununua machungwa, madirisha yamefungwa. Kumwambia mume mbele ya mafundi kwamba boti aliyoipenda imeoza ni vita usiyoihitaji, hata kama imeoza kweli. Tukahesabu na mafuta pia. Kwa makadirio ya mafundi, mashine ya petroli ikifunguliwa mpaka mwisho inakula karibu lita 3.8 kwa saa kwa kila farasi 10. Ile ya 115 ni lita 40 na ushee kila saa, ya 60 ni kama 23. Na unajaza theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya tatu huigusi, ni ya siku bahari imebadilika. Zidisha mwenyewe kwa bei ya petroli ya leo.

Lakini kilichomaliza mjadala hakikuwa mafuta. Nilimuuliza, "Ukianguka majini wewe, nani ataturudisha?"

Alimenya chungwa zima bila kujibu. Halafu akasema, "Wewe."

"Basi niambie mimi naweza ipi."

Kesho yake alinirudisha Pangani, ndani ya mto, maji yamejaa na kusimama, akaniweka kwenye usukani wa ile ya bluu. Kitu cha kwanza kunionyesha kilikuwa kamba nyekundu. Unaifunga mkononi au mguuni, ncha nyingine iko kwenye swichi. Dereva akirushwa, kamba inachomoka, mashine inazima yenyewe, boti haiendi zake ikawaacha wala kuzunguka ikawakata. Ile nyeupe ilikuwa na swichi, kamba haikuwepo, tena nakumbuka muuzaji alisema hizo ni mbwembwe. Nikaiendesha bluu. Nikaigonga kwenye matope. Nikairudisha nyuma, nikaiendesha tena. Baba watoto alikaa mbele amenipa mgongo, na nadhani alifanya makusudi ili nisione uso wake.

Tumeinunua ya bluu. Makaratasi yalikuwa safi, na hili nalo liangalieni mapema: tangu 2018 vyombo vya majini Bara vinasimamiwa na TASAC, kazi iliyokuwa ya SUMATRA, na boti bila usajili na ukaguzi wao inakuwa kesi yako wewe mnunuzi. Pesa iliyobaki ilitoa kwanza majaketi saba yenye vifungo, ya watoto yamenunuliwa kwa uzito wa kila mtoto, maana jaketi la baba kwa mtoto wa miaka 6 linapanda lenyewe na kumwacha chini. Kisha bati za Handeni. Nyumba haijaezekwa yote, imeezekwa upande mmoja, na huo ndio ukweli wa boti yetu: vyumba viwili vya mama yangu bado vinaangalia mbingu. Tumeandikiana tarehe ya kuvimalizia, kwenye daftari la duka, na sahihi mbili.

Na mimi najifunza kuogelea. Msicheke. Jumamosi moja moja, Raskazone, na gauni la kuogelea linalofika magotini. Mpaka sasa naweza kulala chali juu ya maji nikitazama juu bila kupiga kelele. Mwalimu wangu ni mtoto wangu wa miaka 11, ana ukali wa mwalimu mkuu.

Baba watoto bado ana picha ya ile nyeupe kwenye simu. Nimeiona, yeye hajui kama nimeiona. Sijasema kitu. Kila mwanamke hapa ana kitambaa alichokiacha dukani akaenda kununua sare za shule, anajua.

Mama alikuja kutoka Handeni mwezi uliopita, tukampeleka Pangani akaione. Aliizunguka ikiwa juu ya trela, akagonga gonga kama fundi, akapanda kwa ngazi, akavaa jaketi, akakaa kivulini chini ya turubai. Akatazama bahari muda mrefu. "Maji yote haya," akasema, "na hayanyweki." Tulipotaka kuishusha majini akasema yeye hapo hapo alipo panamtosha, tumletee chai. Tukamletea. Tutajaribu tena tanga mbili, upepo ukilala kati ya Kusi na Kaskazi.

Limebaki jambo moja tu. Boti inataka jina. Baba watoto anataka jina langu, ananitajia Moppie kila siku. Mimi nataka jina la mama yake, maana ndiye atakayekuwa anailinda. Fomu iko juu ya friji, wiki ya tatu sasa, nafasi ya jina iko wazi.